Barua kwa mwanangu: pesa isiyomjua gavana

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia, maana ulirekodi barabarani na kelele za bodaboda za Kampala zilikuwa zinakufunika. Unaniuliza kama ninakubali uanze kuweka akiba yako kwenye Bitcoin, ile pesa ya mtandaoni, badala ya benki, na pesa za nyumbani unitumie kwa njia hiyohiyo. Kisha ukaongeza lile lililonifanya nitafute karatasi: kwamba pesa inayotoka mkononi mwa mtu moja kwa moja hadi mkononi mwa mwingine, bila benki na bila waziri, ndiyo njia pekee iliyobaki kwa mtu wa kwetu kuwa huru na serikali. Ukamalizia: "Mama, wewe umeshika vitabu vya hesabu maisha yako yote. Niambie kama nimepotea."

Hujapotea. Kwa sehemu kubwa nakubaliana nawe, tena kwa uchungu kuliko unavyodhani. Kuna sehemu moja ninayoikataa, na nitaieleza. Lakini nianze na ile tunayokubaliana, kwa sababu wewe ulikuwa mbali na mimi nilikuwa hapa.

Mwaka 2025 waasi wa AFC/M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari, na katikati ya Februari wakawa hapa kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo. Benki zikafunga milango. Hakuna askari aliyekuja kuninyang'anya akiba yangu. Kwenye karatasi ya benki dola zangu zilikuwa palepale, tarakimu ileile, muhuri uleule. Ila mlango ulikuwa na kufuli, na mlinzi aliyekaa nje hakuwa na neno la kutuambia. Hapo nililielewa jambo ambalo sikulielewa miaka yote niliyokuwa naandika hesabu za watu wengine: mwenye kushika pesa zako halazimiki kukuibia ili akufanye maskini. Inatosha akiondoka na ufunguo.

Wakala wa pesa za simu ndiye akageuka benki. Mwenye noti mkononi alikata kamisheni aliyoitaka, na wewe ulikubali kwa sababu kuna mgonjwa ndani anasubiri dawa. Simwiti mwizi, naye alikuwa anatafuta noti kwa shida. Noti zenyewe za franka zikachakaa kwa kuzungushwa bila mpya kuingia. Mama muuza dagaa wa sambaza pale sokoni anaishika kwa vidole viwili, anaigeuza kwenye mwanga, anatazama kama namba bado zinasomeka, halafu anakurudishia bila kusema kitu. Na dola unaijua mwenyewe: ikiwa na mpasuko wa milimita mbili pembeni, hapa kwetu hainunui hata kilo moja ya maharage. Hebu fikiria, mwanangu. Mtu ana pesa benki asizoweza kutoa, ana pesa kwenye simu zinazokatwa kila anapozigusa, na ana noti mfukoni ambayo muuzaji haitaki. Pesa zote hizo ni zake, na hana pesa.

Kwa hiyo usidhani unamweleza mama yako jambo geni. Sisi wa umri wangu tumeyaona haya yakirudi na kurudi. Nilikuwa msichana wa sekondari Rais Mobutu alipozifuta noti za zaire 5 na zaire 10, zaire ikiwa ndiyo pesa yetu ya wakati ule, mwishoni mwa Desemba 1979. Mipaka ilifungwa, watu wakapewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiwango kilichowekwa. Aliyekuwa karibu na benki na anamjua mtu ndani, alipona. Mkulima wa Bunyakiri au wa Shabunda aliyeuza mavuno yake na kuzificha zile noti chini ya kitanda, alibaki na makaratasi.

Kisha ikaja miaka ya tisini, nikiwa kazini. Bosi aliniagiza niandike bei za dukani kwa penseli, kwa sababu wino ulikuwa unachafua kitabu: bei ya asubuhi haikufika jioni. Mwanzoni mwa 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, na askari wakaingia mitaani kupora. Oktoba mwaka huohuo serikali ikaleta zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mimi ndiye niliyekuwa nafuta na kuandika upya, najua maana ya tarakimu hiyo. Mshahara ulipokuwa unatoka ofisini, ulikuwa tayari umekufa njiani.

Sasa kuna jambo la miaka ileile ambalo sijui kama mliwahi kufundishwa shuleni, nami nalipenda kuliko mengine yote. Watu wa Kasai, kule katikati ya nchi, waliikataa ile zaire mpya. Étienne Tshisekedi, kiongozi wa upinzani, alikuwa amewaambia Wakongo wasiipokee, na kule kwao walimsikiliza. Waliendelea kutumia zaire ya zamani, zilezile noti ambazo Kinshasa ilikuwa imezitangaza kuwa si pesa tena. Na zilifanya kazi! Kule Mbuji-Mayi watu walinunua unga na kulipana mishahara kwa noti ambazo hakuna serikali iliyosimama nyuma yake. Tena bei zao zilitulia kuliko zetu, kwa sababu iliyo wazi kwa mtu yeyote wa hesabu: hakuna aliyekuwa anachapisha zaire nyingine za zamani. Waliendelea hivyo hadi franka ya Kongo ilipoingia mwaka 1998. Serikali ilipofika na franka ililazimika kukubali viwango viwili: kwetu franka moja kwa zaire mpya 100,000, na kwa Kasai franka moja kwa zaire za zamani milioni 14. Yaani serikali iliandika kwa mkono wake kwamba ile pesa iliyoifuta ilikuwa hai.

Nakuambia hayo ili ujue kwamba hoja yako si ya wazungu wa kompyuta peke yao. Wakongo walishaonyesha kwamba pesa inaweza kuishi kwa makubaliano ya wanaoitumia, mradi tu kusiwe na mkono wa kuiongeza. Udhaifu wa Kasai ulikuwa kwamba makubaliano hayo yaliishia mpakani mwa mkoa. Mfanyabiashara aliyetaka bidhaa za huku ilimbidi abadilishe.

Baada ya ujumbe wako nilimwomba mdogo wako anitafutie kwa Kifaransa ule waraka wa Satoshi Nakamoto, aliyebuni Bitcoin. Una kurasa 9, ulitolewa tarehe 31 Oktoba 2008. Niliusoma kwa penseli mkononi, na kilichonishika si mambo ya uhuru, maana hata hayatajwi sana mle. Kilichonishika ni daftari. Yule mtu, au watu, maana mpaka leo hajulikani ni nani, aliuliza swali la mhasibu: tutajuaje kwamba mtu hajatumia pesa ileile mara mbili, kama hatuna karani mkuu wa kumwamini?

Jibu lake nililielewa kupitia kikundi chetu cha akiba, AVEC yetu ya hapa Kadutu. Sanduku letu ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wamama watatu wa mitaa tofauti; anayelitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Lakini kufuli si ndizo zinazotulinda. Mwisho wa kila mkutano karani anatangaza kiasi kilichobaki, na kila mwanachama anakikariri. Mkutano unaofuata, kabla kufuli haijaguswa, mwenyekiti anauliza: tuliacha ngapi? Wamama wanajibu kwa sauti moja, ndipo pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote. Mama asiyejua kusoma anakariri sawasawa na mimi niliyesomea uhasibu. Karani akitaka kuiba, itambidi abadili kitabu pamoja na vichwa vyote vilivyokaa kwenye yale mabenchi.

Bitcoin ni mkutano wa namna hiyo, ila wanachama ni kompyuta maelfu zilizotawanyika duniani, hazijuani, na mkutano haufungwi usiku wala Jumapili. Kila moja ina daftari zima tangu ukurasa wa kwanza wa Januari 2009. Ukitaka kunilipa, unatia sahihi kwa ufunguo wa siri ambao ni wewe tu unao, unatangaza kwa wote, na kila kompyuta inakagua: je, huyu anazo? sahihi ni yake? Malipo yanakusanywa kwenye ukurasa mpya, wanaouita bloku, takriban kila dakika 10. Haki ya kuandika ukurasa huo inashindaniwa na mashine zinazokula umeme mwingi, na hapo ndipo ulinzi ulipo: anayetaka kubadili ukurasa wa zamani itambidi arudie kazi ya kurasa zote zilizofuata na awapite wote wengine wakiwa wanakimbia. Anayeshinda analipwa bitcoin mpya. Zilikuwa 50 kwa kila bloku, zinapungua kwa nusu kila bloku 210,000, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Jumla yake haitapita milioni 21. Hakuna gavana wa benki kuu wa kuamka siku moja na kuamua kuongeza kwa sababu askari hawajalipwa.

Ukurasa ule wa kwanza umeandikwa ndani yake kichwa cha habari cha gazeti la The Times la tarehe 3 Januari 2009, kuhusu serikali ya Uingereza kukaribia kuziokoa benki kwa mara ya pili. Niliposoma hilo nilielewa kwamba aliyeandika alikuwa na hasira, na kwamba hasira yake aliigeuza kuwa kazi safi. Namheshimu kwa hilo.

Je, serikali haziwezi kuivunja? Mimi pia niliuliza, na naona majaribio tayari yapo. Mwaka 2021 China ilipiga marufuku zile mashine zinazoshindania bloku nchini mwake, na ndani ya wiki chache karibu nusu ya nguvu ya mtandao mzima ilizimika. Bloku zikachelewa. Kisha mtandao ukapunguza ugumu wa kazi, kama ulivyopangwa tangu mwanzo, mashine zikahamia nchi nyingine na daftari halikupoteza mstari. Na si serikali tu. Mwaka 2017 kampuni zaidi ya 50, zikiwemo kubwa kabisa za biashara hii, zilikubaliana kubadili kanuni moja ya ukubwa wa bloku. Watumiaji wa kawaida, wenye kompyuta za nyumbani zinazotunza daftari, walikataa kuiweka programu hiyo, na Novemba mpango ukaachwa. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wenye pesa na wasio na pesa, mwanangu. Ni mara chache sana nimeona wasio na pesa wanashinda kwa kukaa tu na kitabu chao.

Nigeria, Oktoba 2020, vijana walipoandamana dhidi ya kikosi cha polisi cha SARS, akaunti ya benki ya kundi la wanawake la Feminist Coalition lililokuwa linachangisha pesa za dawa na mawakili ilizimwa. Wakaendelea kupokea michango kwa Bitcoin. Hapo uhuru unaousema si maneno. Ni mtu aliyejeruhiwa kupata bandeji. Na hata huku kwetu, kwenye kituo cha umeme wa maji cha Luviro, Hifadhi ya Virunga iliweka mashine za kuchimba Bitcoin, yaani zilezile zinazoshindania bloku, tangu 2020, wakati watalii hawaji na umeme unazalishwa bila wa kuununua. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba jambo hili haliwezi kufika Kivu. Lilifika zamani.

Basi hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Sasa nisikilize kwenye ile ninayoikataa.

Unasema uhuru na serikali. Wewe uliondoka Bukavu ukiwa bado na serikali fulani ya kulalamikia. Mimi nimekaa siku ambazo hapakuwa na serikali kabisa, kati ya wale waliokimbia na wale waliokuwa hawajaingia. Mwanangu, siku hizo hatukuwa huru. Maghala yaliporwa mchana, vijana wadogo waliokota bunduki barabarani. Na hata miaka ya kawaida, nenda barabara yoyote ya kutoka mjini kuelekea machimboni: pale serikali inapopungua, bariyeri zinaongezeka. Kila kamba iliyofungwa kati ya miti miwili ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana kodi yake, na hakuna risiti wala mahakama ya kumshtaki. Tulikimbia mkono mmoja tukaangukia mikono kumi.

Bitcoin haina jibu kwa mtu aliyesimama mlangoni na bunduki. Anaweza kukulazimisha kufungua simu kama anavyokulazimisha kufungua sanduku. Haijengi barabara ya Kavumu, haimtoi mwizi kwenye shamba la shangazi yako, haiandiki hati ya kiwanja. Wanaoandika kutoka nchi ambako maji hayakatiki wanaweza kuiota dunia isiyo na serikali. Mtu wa Bukavu hana ruhusa ya kuiota, kwa sababu ameiona.

Wala haikufichi kama vijana wengi wanavyodhani. Daftari liko wazi kwa wote na halifutiki. Jina lako halimo, lakini siku utakapobadilisha kuwa dola kwenye kampuni iliyokupiga picha ya kitambulisho, nyayo zako zote zinapata jina. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilifuatilia fidia ambayo wadukuzi waliilipisha kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline kwa Bitcoin, na ikarudisha sehemu kubwa yake. Wanajua kusoma daftari kuliko wewe.

Na kuna mlango wa kuingilia. Unakumbuka uchaguzi wa Desemba 2018: tarehe 31 serikali ilizima intaneti nchi nzima, na hatukurudishiwa mpaka baada ya katikati ya Januari. Daftari lingeendelea kuandikwa Ulaya na Asia, nawe hapa usingeweza kusogeza hata satoshi moja, ile chembe ndogo kabisa ya bitcoin. Ongeza umeme wetu, ambao unaujua. Wapo wanaohangaika na hilo. Kijana wa Afrika Kusini, Kgothatso Ngako, alianzisha Machankura mwaka 2022, huduma ya kutuma Bitcoin kwa simu ya vibonyezo bila intaneti. Nampongeza kwa moyo. Ila kwa njia hiyo ufunguo wanaushika wao, na tumerudi kwenye lile la mlinzi na mlango.

Kwa hiyo ningependa uliseme jambo lako kwa namna nyingine. Usiseme Bitcoin itatuweka huru na serikali. Sema kwamba haijui nani anatawala. Hapa kwetu, kila waliposhika mji watu wapya, pesa zetu zilitikisika pamoja na kiti cha gavana: benki hufungwa, noti hufutwa, kodi hulipwa mara mbili kwa mabwana wawili. Kuwa na sehemu ya jasho lako mahali ambapo mabadiliko hayo hayaandikwi, hilo ni jambo kubwa sana. Silidharau hata kidogo. Linatosha lenyewe bila kulibebesha dunia nzima.

Na liko jambo moja ambalo hakuna pesa nyingine niliyoiona inalifanya. Ile Februari, kikundi chetu kiligawana pesa za sanduku usiku kabla mji haujaingiwa, kila mama akafunga chake kiunoni ndani ya kitenge. Wengine walivuka Ruzizi. Mmoja alisachiwa njiani na wanaume ambao hata leo hajui walikuwa wa upande gani, wakamwachia kitenge tu. Ufunguo wa Bitcoin unaweza kuandikwa kwa maneno 12, maneno ya kawaida kutoka orodha ya maneno 2,048, na mtu akayabeba kichwani. Angevuka mikono mitupu, wakamsachi mpaka nywele, akafika Burundi na akiba yake yote. Kwa mwanamke wa kwetu, ambaye kila vita inamkuta na kila kitu mwilini, nilipofikiria hilo nilinyamaza muda mrefu.

Lakini maneno hayo yakipotea, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Kwenye AVEC mume wa mwenzetu alipolazwa, mfuko wa jamii ulitoka siku hiyohiyo bila riba, na alipochelewa kulipa mkopo tulikaa, tukamsikiliza, tukamwongezea muda. Daftari la Satoshi halisikilizi mtu. Haki yake ni ya hesabu tupu. Ndiyo maana sitakubali uwashawishi wamama wahamishe pesa za kikundi huko, hata kama bei itapanda mara kumi. Umewahi kuligusia, nami nakujibu: hapana.

Bei yenyewe unaifahamu. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000; mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Mtu aliyeweka ada ya chuo alibaki na robo ya ada. Wala sheria haiwezi kuisaidia kutulia: majirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati waliitangaza kuwa pesa halali Aprili 2022, na mwaka uliofuata wakaifuta sheria hiyo. Watu hawakuulizwa, na pesa ya makubaliano haiji kwa amri.

Sasa jibu langu, na ulichukue lote au uniambie ni wapi hukubali.

Weka akiba huko, nakubaliana nawe, lakini sehemu ile tu ambayo hutaihitaji kwa miaka kadhaa. Nyingine ibaki kwenye dola safi zisizopasuka, na nyingine kwenye kitu chenye miguu au mabati. Babu yako alisema hivyo na sijaona aliyemshinda. Ufunguo uushike wewe. Usiiache kwenye kampuni ya kubadilishia, hata ikiwa na matangazo kwenye mpira. Walioiacha kwenye Mt. Gox, iliyoanguka mwaka 2014, na FTX, iliyoanguka mwaka 2022, walikuwa na tarakimu nzuri kwenye kioo cha simu, kama mimi na karatasi yangu ya benki. Maneno yako 12 usiyapige picha, usiyaweke WhatsApp, usimtumie hata mimi kwa simu. Yaandike kwa mkono kwenye karatasi mbili, moja utaniletea mwenyewe ukija, na utaniambia ana kwa ana ni ya nini.

Yeyote atakayekuahidi faida ya kila mwezi kwa jina la Bitcoin, mfunge namba. Kinshasa ilimpigia magoti Bindo, aliyeahidi kuzidisha pesa za watu ndani ya wiki chache, na mwaka 1991 yote yakaanguka, nyumba zikauzwa, ndoa zikavunjika. Satoshi hakumwahidi mtu faida. Soma tena zile kurasa 9, hutaiona.

Kuhusu kunitumia mimi: nimeongea na kijana mmoja wa simu hapa Nyawera, anayenunua Bitcoin kwa dola mkononi. Anakata, lakini kwa sasa anakata kidogo kuliko wakala. Tujaribu mara moja kwa dola 20, mchana, mdogo wako akiwa nami, na tusitoke pale kabla noti hazijakaguliwa moja moja. Ikienda vizuri tutafanya hivyo kwa matumizi ya kawaida, bila kumtangazia jirani.

Ada ya mdogo wako ya muhula huu usiipitishe huko. Mpe mama mwenye duka la vitenge anayekuja Kampala kununua mzigo, anarudi Alhamisi, naye ana kitabu changu cha kuandikia. Mweleze kwamba nataka noti mpya, na umhesabie mbele yake.

Nakukumbatia.

Mama yako,
Kadutu, Bukavu